Ndara za Nambari Arobaini na Moja

Maiti ilikuwa imevaa viatu vya kanisani.

Inspekta Cheptoo aliviona kabla hajauona uso wa marehemu. Viatu vyeusi vya kisigino kifupi, vimepigwa rangi vikang'aa, vikichungulia chini ya turubai kando ya barabara kuu pale Sachangwan. Mvua ilikuwa imenyesha tangu jioni iliyopita. Tope lilikuwa kila mahali, kwenye magurudumu ya gari la polisi, kwenye suruali ya Konstebo Kihara hadi magotini. Lakini soli za vile viatu zilikuwa safi.

Askari wa trafiki aliyewaita alikuwa ameshamaliza kazi yake kichwani. Mwanamke amegongwa na gari, dereva amekimbia. Pembeni ya barabara ile, alisema, mambo kama hayo ni ya kawaida.

Neno hilo lilimchoma Cheptoo. Kwa miaka kumi na minane kazini alikuwa amelisikia likisemwa juu ya kila mtu asiye na wa kumtetea, na hakuna hata siku moja aliyolimeza vizuri.

"Kihara, shuka hapo lami, utembee mpaka hapa nilipo."

Kihara alishuka, akatembea. Hatua tisa. Alipofika, kila buti lilikuwa limebeba tope la kujaza sufuria.

"Huyu alitembeaje?" Cheptoo aliuliza.

"Labda alirushwa na gari, madam."

"Viatu vyote viwili vikabaki miguuni? Na mkanda wa hiki umefungwa shimo la mwisho, mpaka umemkata ngozi. Hakuna mwanamke anajifunga hivyo."

Alichuchumaa. Marehemu alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu. Mkono wa kulia ulikuwa umekunjwa ngumi, na ndani ya ngumi mlikuwa na majani mabichi yaliyong'olewa pamoja na mizizi. Nywele zake zilinuka omena, wale dagaa wa ziwani. Sachangwan iko mbali na ziwa lolote, na huko juu kwenye baridi watu hula viazi. Mfukoni mwa sweta kulikuwa na kitambulisho: Celestine Khayanga, wa Kaptembwo, Nakuru.

Cheptoo alikulia Kaptembwo. Alipoanza vibarua mjini alitoka nyumbani na ndara miguuni na viatu ndani ya mfuko, akanawa miguu kwa maji ya chupa karibu na geti, ndipo akavaa. Jirani zake wote walifanya hivyo, na binti zao bado wanafanya. Kiatu kizuri hakipelekwi kwenye tope. Yeyote aliyemvalisha msichana huyu viatu vyake alikuwa hajaenda kazini kwa miguu maishani mwake.

"Andika kifo cha kutiliwa shaka," alimwambia Kihara. "Neno ajali nisilione."

*

Daktari Abdirahman, mtaalamu wa uchunguzi wa maiti, hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimwonyesha inspekta miguu ya marehemu. Mtu akigongwa na gari akiwa amesimama, alieleza, mifupa ya chini ya goti ndiyo huvunjika kwanza, na lami humchubua ngozi. Hapa miguu ilikuwa mizima. Nyonga ilikuwa imevunjika, mbavu tano pia, na ini lilikuwa limepasuka.

"Kitu kizito kimemwangukia kutoka juu," daktari alisema. "Kizito, lakini laini. Hakikuchana ngozi."

"Na omena?"

"Imo puani na masikioni, imesagwa. Pamoja na mashudu ya alizeti na pumba za ngano. Hicho ni chakula cha kuku, Inspekta."

Cheptoo aliyatazama yale majani, sasa ndani ya mfuko wa ushahidi.

"Alipotupwa pale alikuwa hai."

"Alikuwa hai. Damu imevujia tumboni polepole. Baada ya kuumia aliishi saa nne, pengine tano."

"Angepona?"

Daktari alivua glavu moja, kisha ya pili. "Kama angefikishwa hospitali mapema, mimi singekutana naye."

Cheptoo alitoka nje akasimama uani mpaka hasira ipungue aweze kuendesha gari. Haikupungua. Aliendesha hivyo hivyo.

*

Linah, mamake Celestine, alikuwa muuza sukuma wiki. Kibanda chake kilikuwa kimefungwa, na watu wa matanga walikuwa wameketi mbele ya nyumba kwenye viti vya kukodisha. Alimpokea inspekta kwa utulivu wa mtu ambaye bado hajaamini.

Alisimulia bila kuulizwa mara mbili. Januari, Mpango wa Ajira Mtaani ulikuja kwa chifu. Mpango huo uliwachukua wakazi wasio na kazi na kuwaweka kwenye viwanda kwa miezi sita, ukiwalipa mshahara wenyewe, ili mwenye kiwanda akiridhika awaajiri. Nafasi zilikuwa sitini na watu walikuwa zaidi ya mia tatu, kwa hiyo chifu aliweka vikaratasi ndani ya debe. Celestine alitia mkono akatoa kikaratasi kitupu. Alikuja nacho nyumbani, akakiweka ndani ya Biblia kama mtu aliyepata.

"Jumatatu alitoka mapema," Linah alisema. "Aliniambia amepata kibarua ya siku moja. Ya wapi, hakusema. Alikuwa amevaa ndara."

"Una uhakika ni ndara, mama?"

"Mimi ndiye nilizishona jana yake, kamba ilikuwa imekatika. Nilifunga na waya nyekundu ya stima. Viatu aliweka kwa mfuko, na bahasha ya vyeti. Alisema saa ya lunch atavaa, aone mkubwa wa hapo, amuombe kazi." Alimgeukia inspekta. "Madam, huko walikompata ni mbali. Alienda kufanya nini?"

"Hakuenda. Alipelekwa."

"Na nani?"

"Nitakuletea jina lake."

Hakutakiwa kuahidi, na alijua. Ahadi ilishatoka.

Msichana mmoja aliinama kati yao na birika la chai. Alimimina bila kutazama, chai ikamwagika kwenye kisahani. Alikuwa ameoga, tena kwa sabuni ya harufu kali. Chini ya sabuni, alinuka omena.

Cheptoo alisubiri aende mbali, kisha akauliza ni nani. Linah alisema huyo ni Wangeci, jirani wa ukuta mmoja, rafiki wa Celestine tangu shule, mwenye mtoto mchanga ambaye Jumatatu alikuwa naye kliniki. Yeye ndiye aliyepata karatasi. Amewekwa kwenye kiwanda cha chakula cha mifugo, Maziwa Tele. Tangu msiba ulipoingia, kila akitoka kazini huja kuwapikia wageni chai.

*

Gathogo, meneja wa Maziwa Tele, alikuwa na shati jeupe na maneno laini. Aliwakaribisha inspekta na Kihara ofisini, akawaonyesha picha za siku mpango ulipozinduliwa. Ijumaa, alisema, wakubwa wa mpango wangekuja kukagua. Wakiridhika wangemwongezea watu themanini. Alilitaja jina la mpango kama mtu anayemtaja shemeji yake tajiri.

Cheptoo aliomba orodha ya mahudhurio ya Jumatatu.

"Wote walikuwepo," Gathogo alisema. "Sisi tunaita nambari, madam. Kila mtu na nambari yake kwa reflekta, hii koti ya njano. Ni rahisi."

"Majina yao unayajua?"

"Ni watu sitini."

"Celestine Khayanga?"

"Hayuko kwa listi. Unaweza kuangalia."

Hakuwemo. Lakini Cheptoo alitembea ghalani. Magunia ya mashudu yalikuwa yamepangwa kutoka sakafuni, safu juu ya safu. Pembeni palikuwa na nafasi tupu iliyofagiwa vizuri mno, na rundo la jirani yake lilikuwa refu kuliko trela. Wafanyakazi walipomwona waliinamisha vichwa. Aliwauliza mmoja mmoja kama kuna aliyeumia Jumatatu. Hakuna, madam. Walisema kwa maneno yale yale na sauti ile ile, kama watoto waliofundishwa shairi.

Karibu na mlango palikuwa na rafu ndefu ya mbao. Hapo kila mtu aliacha viatu vyake vya njiani akavaa gambuti za kiwanda, na juu ya kila nafasi pameandikwa nambari kwa chaki. Cheptoo alipita polepole. Ishirini, thelathini, arobaini. Kila nafasi jozi moja. Chini ya arobaini na moja zilikuwa mbili.

Jozi ya mbele ilikuwa na tope bichi. Ile ya nyuma ilikuwa imekauka, na kamba ya ndara moja imefungwa kwa waya mwekundu.

Ofisi ya Gathogo ilikuwa na mlango wake. Gari lake liliegeshwa hapo hapo. Pengine hakuwahi kupita kwenye rafu ile akaitazama, na waliokuwa wakipita kila siku hawakuthubutu kuzigusa.

"Lete glavu," Cheptoo alimwambia Kihara. "Halafu niitie nambari arobaini na moja."

*

Wangeci aliketi kwenye kiti cha nyuma cha gari la polisi, amevaa reflekta ya njano. Cheptoo alianza bila salamu.

"Jumatatu ulikuwa wapi?"

"Kazini."

"Ulifanya nini?"

"Kupanga magunia."

"Mtoto wako alikuwa wapi?"

Wangeci alianza kuvuta uzi wa reflekta.

"Nimepita kliniki, Wangeci. Jumatatu saa tatu asubuhi ulikuwa umempakata mtoto ukingojea sindano. Wameandika jina lako na simu yako. Sasa niambie, nani alikuwa amevaa hiyo koti?"

Cheptoo aliuweka mfuko wa ushahidi juu ya magoti ya msichana. Wangeci aliuona waya mwekundu, akaanza kulia bila sauti.

Ukisikia watu wa vibarua wakisema nishikilie, wanamaanisha hivi: nina udhuru, nenda ukasimame mahali pangu leo, nafasi isipotee. Kila mtu anafanya na kila msimamizi anajua. Sheria ya mpango ilikuwa kwamba ukikosa siku tatu unatolewa, hata kama unazika. Wangeci alikuwa ameshakosa mbili kwa sababu ya kifua cha mtoto. Akamwomba Celestine amshikilie siku moja. Celestine alifurahi kuliko yeye, maana sasa angeingia ndani ya lile geti, na mkubwa angeona anavyofanya kazi.

Yaliyotokea ghalani Wangeci aliyasikia kwa wenzake. Gathogo alitaka nafasi ya mzigo mpya, akaamuru magunia yapandishwe. Mpanga magunia mmoja, Mwaura, alimwambia yamezidi. Akaambiwa asiyetaka kupanda kuna wenye njaa nje. Saa nane na nusu rundo lilimwangukia Celestine. Walimfukua kwa mikono. Alikuwa akiongea. Walimpakia wenyewe nyuma ya pikapu ya meneja, wakamfunika kwa sweta zao, na Gathogo akasema anampeleka hospitali, hapo karibu tu.

"Jumanne alituambia amelazwa, ako sawa," Wangeci alisema. "Jioni tukasikia ameokotwa Sachangwan. Asubuhi yake akatuita wote. Akasema mtu akiongea mpango utafungwa, watu sitini warudi kukaa kwa ukuta bila kazi."

"Na mkakubali."

"Madam, mimi nilikaa kwa ukuta miaka minne."

"Kwa hivyo unatoka hapa na hiyo koti aliyovaa akiangukiwa na magunia, unaenda kumpikia mamake chai."

"Niliikuta kwa msumari, imefuliwa. Ningevaa gani?"

Cheptoo alifungua dirisha. Alitamani kumzaba kofi, na alijua hata kofi lenyewe halingekuwa la huyu. Alimuuliza kama angeandika taarifa. Wangeci alifuta uso kwa mkono wa reflekta, akakumbuka ni ipi, akautoa mkono haraka.

"Nitaandika," alisema. "Lakini andika jina langu. Usiandike nambari."

Taarifa yake ilichukua siku nzima, na Mwaura alipoona mwenzake amepanda gari la polisi, naye akaja kwa miguu yake. Kesho yake afisa wa mpango alimpigia Wangeci simu kumwarifu kwamba siku aliyokuwa kituoni imehesabiwa kuwa ya tatu. Cheptoo alimpigia afisa huyo akamwambia mambo ambayo inspekta hapaswi kuyasema kwenye simu ya serikali. Afisa alimsikiliza kwa adabu, kisha akajibu kwamba sheria ni ile ile kwa wote na nafasi imeshapewa mwingine.

*

Pikapu ilikuwa imeoshwa mara tatu, lakini mafundi wa uchunguzi walifungua skrubu za sakafu ya nyuma. Kwenye matundu palikuwa na damu, na ndani ya damu pumba. Ilikuwa ya Celestine. Kwenye kabati la Gathogo walikuta mfuko mtupu wa viatu na bahasha ya vyeti, haijafunguliwa.

Gathogo aliletwa chumba cha mahojiano Alhamisi ya wiki iliyofuata, mchana, na wakili wake. Shati lilikuwa jeupe bado.

"Ulimpeleka hospitali gani?" Cheptoo aliuliza.

"Alifariki njiani. Niliogopa."

"Njiani wapi?"

"Hapo karibu na kiwanda."

Cheptoo aliweka picha mezani. Mkono, ngumi, majani na mizizi yake.

"Maiti haing'oi nyasi, bwana Gathogo."

Wakili alimshika mteja wake bega. Gathogo alilitoa bega.

"Nilifika mpaka geti ya hospitali," alisema.

"Endelea."

"Nilifika, wallahi... nilifika mpaka pale mlinzi anafungua. Nikakumbuka ile fomu yao. Wataniuliza huyu ni nani, ameumia wapi. Nikisema ni wetu, kwa listi arobaini na moja ni Wangeci. Huyu hayuko. Na ukaguzi ulikuwa Ijumaa hiyo. Mtu asiye kwa listi ameangukiwa kwa ghala yangu, wananitoa kwa mpango hapo hapo, wale themanini wanapelekwa kwingine. Watu wa bure, madam. Unajua mshahara wa watu themanini?"

"Ukageuza gari."

"Nikageuza."

"Saa tisa mchana. Giza linaingia saa moja. Katikati hapo alikuwa wapi?"

"Nyuma. Niliegesha mahali, nikamfunika turubai."

"Aliongea?"

Gathogo alitazama mikono yake. "Aliomba maji."

"Ulimpa?"

Kihara, aliyekuwa amesimama mlangoni, aligeuka akautazama ukuta.

Mengine yalitoka yenyewe. Alingoja mvua na giza. Alichagua Sachangwan kwa sababu watu hufa pale na hakuna anayeuliza. Alimvua reflekta na gambuti asionekane mfanyakazi, kisha akaona miguu mitupu ingetia shaka. Kwenye mfuko palikuwa na viatu, akamvalisha. Alisema haya kama anayeomba asifiwe kwa kufikiria.

"Nikuambie ukweli, madam," alimaliza. "Angekuwa kwa listi, ningempeleka hospitali. Naapa mbele ya Mungu. Ningempeleka."

Cheptoo alisimama. Kiti kilianguka nyuma yake na hakukiokota. Kisheria hakuruhusiwa kuandika ungamo la mshukiwa wa kesi yake mwenyewe, na safari hii alifurahi kwamba sheria ipo. Alimwita inspekta mkuu Bashir kutoka chumba cha pili, akatoka kwenye ukumbi, akaegemea ukuta. Linah alikuwa ameketi kwenye benchi tangu asubuhi, na mfuko wa plastiki magotini. Alikuwa ameambiwa angeweza kuzichukua ndara kesi ikiisha, akaja kungoja leo.

Baada ya robo saa Bashir alichungulia mlangoni na kalamu mkononi. Alionekana mwenye aibu.

"Tumekwama," alisema kwa sauti ya chini. "Lazima aandike kwa mkono wake amemuua nani. Amefika hapo ameweka kalamu chini. Anasema jina hakuwahi kuuliza, na hilo ulilomtajia kiwandani hakulishika."

Cheptoo alitaka kuingia ndani. Linah aliinuka akamtangulia. Hakuna aliyemzuia. Alisimama kwenye kizingiti akamtazama yule mtu wa shati jeupe, na yule mtu akatazama karatasi.

"Celestine," Linah alisema. "Celestine Khayanga. Andika."

Alisubiri mpaka kalamu ilipomaliza.